Kuifufua Kompyuta ya Kuchorea Leso

Kazi yangu ni kuchora leso. Watu wengi hudhani leso huanzia kiwandani, lakini kabla haijafika huko kuna mtu kama mimi, amekaa chumbani kwake Bofu, Likoni, anapanga pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yale maneno yanayoandikwa chini. Zamani nilichora kwa kalamu na karatasi za miraba. Baadaye nikanunua kompyuta ya mezani, nyembamba, ya zile za maofisini zinazoletwa kutoka nje zikiwa zimekwisha tumika, nayo ikanifaa miaka minne bila kunisumbua. Kisha programu ya kuchorea ikazidi kuwa nzito kila ilipotolewa mpya, na kompyuta yangu ikabaki vilevile.

Siku iliyonifanya nishike bisibisi ilikuwa Jumatatu. Alinijia mama mmoja wa Mtongwe, anamwoza bintiye wa mwisho, na alitaka leso za sare za ukoo mzima. Nikamweka kwenye kiti kando yangu ili achague rangi mwenyewe.

"Huo wekundu umepiga kelele mno," akasema. "Nifanyie damu ya mzee."

Nikabonyeza. Skrini ikaganda. Tukaitazama sote wawili. Nikamkaribisha maji ya ndimu, akanywa nusu gilasi kabla rangi haijageuka.

"Sasa hilo pindo nalo lifanye jeusi kidogo."

Ikaganda tena, mara hii ikajizima kabisa, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Yule mama alikuwa mstaarabu. Aliweka gilasi chini, akatengeneza buibui lake.

"Labda imechoka, mwanangu. Nimeambiwa kuna kijana ng'ambo ya feri ana mashine nzuri. Usione vibaya, siku zenyewe ndizo hazingoji."

"Nipe mpaka Alhamisi, mama," nikamwambia. "Ukirudi utabadilisha rangi mpaka uchoke wewe."

Alinitazama, akacheka. "Twaib. Alhamisi, inshallah."

Sikusema vile kwa kubahatisha. Kompyuta mpya sikuwa na uwezo nayo, lakini nilikuwa nimekwisha kuisikiliza ile ya zamani kwa miezi na nilijua inapoumia. Tena nililelewa karibu na mashine. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa umeme wa meli mpaka alipostaafu, na nilipokuwa mdogo alinipeleka kwenye karakana yake siku za shule kufungwa. Kabla hajagusa mota yoyote alisoma maandishi ya bamba lake kwa sauti, kisha akayaandika. Nami Jumatatu hiyo, yule mama alipoondoka, nilichomoa nyaya, nikaifungua kompyuta juu ya mkeka, nikapuliza vumbi, nikachukua daftari.

Niliandika kila kilichoandikwa. Memori, ile RAM, ilikuwa kijiti kimoja cha DDR3, na kando yake, kwenye bodi inayobeba kila kitu, kulikuwa na nafasi tatu tupu. Diski ilikuwa ya zamani, yenye sahani inayozunguka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikoroma kila nilipofungua picha kubwa. Prosesa, ule ubongo wake, ilikuwa ya chini kabisa katika ukoo wake. Kisanduku cha umeme kilikuwa kidogo, na waya zake zilikuwa za kuhesabika, hakuna hata mmoja wa ziada. Nikapima kwa rula upana wa sanduku lenyewe. Daftari lilipojaa ukurasa nilijua nitanunua nini: memori zaidi ya aina ileile, diski ya SSD isiyozunguka, na prosesa yenye nguvu inayoingia kwenye tundu lilelile. Kadi ya picha sikuihitaji. Leso haina michezo ya kukimbizana. Inataka nafasi ya kuweka rangi zake zote kwa pamoja.

Jumanne asubuhi nilivuka feri nikaenda mjini, kwenye jengo lenye maduka ya kompyuta ghorofa mbili. Muuzaji niliyempata alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, mdomo hautulii.

"Madam, umefika. Hii RAM ndiyo iko soko saa hii. Ni mpya, iko fasta."

Nikaitazama. "Hii ni DDR4. Yangu ni DDR3. Haitaingia."

"Itaingia tu. RAM ni RAM."

Nikatoa mkobani kijiti changu, nilikuwa nimekifunga kwa karatasi, nikakiweka juu ya chake. Urefu ulikuwa mmoja. Lakini lile pengo dogo la chini, linalokaa kwenye ukuta wa tundu, lilikuwa mahali tofauti kwenye kila kijiti.

"Ukiisukuma kwa nguvu utavunja bodi," nikamwambia. "Niuzie yenye pengo hapa."

Alikitazama kijiti, akanitazama mimi. "Sawa, sawa. Zile za zamani ziko nyuma." Lakini hakukata tamaa. Alirudi na vijiti viwili vya DDR3, na chini ya kwapa amebeba kadi ya picha kubwa kama kitabu cha simu, yenye feni mbili. "Na hii je? Ukifanya design bila hii unajichokesha tu."

"Sanduku langu ni jembamba, hiyo haitalala wala kusimama. Na inataka waya wake wa umeme, mimi sina."

"Nakuuzia pawasaplai kubwa."

"Plagi ya bodi yangu si ya kawaida. Ni ya kampuni yenyewe, yako haina mahali pa kuchomeka."

Hapo akaweka kadi mezani akavuta kiti. "Madam, wewe ni fundi wa wapi?"

"Mimi nachora leso."

Akacheka mpaka mwenzake wa duka la pili akachungulia. Kuanzia hapo tulifanya biashara kama watu wanaojuana. Alinitolea droo ya prosesa zilizotumika, tukasoma namba moja moja dhidi ya daftari langu, nikapata ya tundu lilelile, ya juu kabisa, nikachukua na SSD. Akanipa na kibomba cha ile dawa nyeupe ya kupitishia joto, akasema hiyo ni zawadi.

Nyumbani nilianza na memori. Ikaingia, klipu zikabana, kompyuta ikawaka na kuihesabu yote. Nikaweka SSD, nikaibandika kwa gundi ya pande mbili kwa kuwa haikuwa na kibao cha kuikalisha, nikaingiza mfumo upya. Kuwaka kwake kulikuwa kwa muda wa kufunga mtandio. Niliwasha na kuzima mara nne kwa furaha tu.

Jumatano nikatia prosesa. Nikapaka dawa, nikafunga feni yake, nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikafungua, nikafunga upya. Nyeusi. Nakiri nilimfikiria yule mama wa Mtongwe na kijana wake wa ng'ambo.

Kosa lilikuwa langu. Nilisoma kwenye simu mpaka nikalielewa. Tundu lilikuwa sawa kweli, lakini ndani ya bodi kuna programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, na ile ya kwangu iliandikwa kabla ya prosesa hii kutengenezwa. Haikuijua. Dawa yake ilikuwa kurudisha prosesa ya zamani, kuingiza toleo jipya la programu ile, kisha ndipo kutia mpya. Kazi ya dakika chache. Ila umeme ukikatika katikati ya dakika hizo bodi inakufa, na haiamki tena. Wiki hiyo stima ilikuwa inacheza Likoni nzima.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Ile betri yako ya sola na inveta, bado zinafanya kazi?"

"Marahaba. Zinafanya. Unataka kuwasha nini?"

Nikamweleza. Akaniuliza jambo moja: mashine inakula wati ngapi. Nikamsomea kutoka daftarini. "Inatosha," akasema. "Usiguse kitu mpaka nifike."

Alikuja na tuktuk kutoka Mtongwe, betri katikati ya miguu yake. Tukachomeka kompyuta na skrini yake tu kwenye inveta, mbali na umeme wa ukutani. Yeye akakagua kila plagi kwa kidole, nami nikarudisha prosesa ya zamani, nikaingiza faili kwa flashi, nikabonyeza. Mstari ukaanza kujaa kwenye skrini. Ulikuwa umevuka nusu pangaboi ya dari ilipopunguza mwendo, ikasimama. Redio ya jirani ikanyamaza. Stima ilikuwa imekwenda.

Mimi na mjomba hatukutazamana. Tulitazama mstari. Ukajaa, kompyuta ikajizima, ikawaka yenyewe.

"Haya," akasema mjomba, akijipepea kwa bahasha. "Tia hiyo kubwa yako."

Nikaizima kompyuta, nikaitia palepale, mikono imetulia. Skrini ikawaka, na jina la prosesa mpya likatokea juu kushoto. Mjomba aliinama akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akaomba chai.

Alhamisi yule mama alikuja na dadake. Nilimkabidhi kipanya. Aligeuza pindo mara ngapi sijui: jeusi, samawati, zambarau, jeusi tena, na kila alipobonyeza rangi ilifuata kidole chake. Dadake akataka zile korosho zilizochorwa pembeni ziwe nene, wakazozana, nikazinenepesha na kuzikondesha huku bado wanazozana. Mwisho walirudi kwenye ile damu ya mzee.

"Na jina?" nikauliza.

"Jina tutakuambia. Hilo halitaki haraka."

Lilichukua siku mbili zaidi na simu nyingi kati ya wanawake wa ukoo ule. Kompyuta ilikuwa imekwisha maliza kazi yake, ikingoja wao. Mchoro ukaenda kiwandani, na siku ya harusi nilialikwa, nikaketi jamvini kati ya akina mama waliojifunga kazi yangu kiunoni na mabegani, na mmoja nisiyemjua akanishika bega akaniuliza nani aliyechora pindo lile, kwa maana amelipenda kuliko jina.

"Ni mimi," nikamjibu.