Mwezi wa Betri ya Pikipiki

Nichekeni tu, nshazoea, maana pale mtaani kwetu Malindi ya Unguja hadi leo nikipita mbele ya baraza lazima mtu mmoja anyanyue uso juu, jua la saa sita utosini, aniulize kama mwezi umeandama. Nami nacheka nao. Nikifika nyumbani ndipo sicheki.

Mimi ni fundi wa redio na feni. Mwaka juzi nilinunua darubini ya wapima ardhi, ile inayosimama kwa miguu mitatu, imetumika Ujapani mpaka wenyewe wameichoka ikaja huku na kontena la mitumba, vioo vyake safi lakini betri imekufa na ya aina ile huipati Unguja nzima. Nikavuta waya mpaka kwenye betri ya pikipiki, nikaweka kipunguza umeme ili mashine isiungue, na lau ningeishia hapo ningekuwa na heshima zangu. Lakini ndani yake mna kitaa kidogo cha kumulika ule msalaba mwembamba unaouona ukichungulia, nacho kilikuwa kimeungua, basi badala ya kutafuta kinachofanana nacho nikatia taa nyeupe ya pikipiki, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri (mwanga ukizidi una ubaya gani, nikajiambia, hodari mimi).

Yote hayo nilimfanyia baba. Mzee Haji alikuwa shahidi wa mwezi wa mtaa wetu tangu sijazaliwa. Akisema kauona, imekwisha, hata imamu haulizi mara mbili. Ila macho yake yalishaanza kuingia ukungu, na miaka miwili mfululizo alishuka kutoka juu ya paa bila ya neno, mwezi wameuona wengine. Iliniuma sana. Nilitaka auone yeye.

Basi siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, tumeshafuturu na kusali Magharibi, tukapanda juu. Nikaielekeza darubini magharibi, nikachungulia, nikaona chini ya wingu uzi mweupe umepinda vizuri kabisa.

"Baba, huu hapa!"

Akainama, akakaa pale muda mrefu, mkono wake umeshika bega langu.

"Mwembamba," akasema, "lakini upo. Alhamdulillahi. Mwanangu, nshauona."

Hakungoja. Alishuka ngazi kwa kasi ambayo sijamwona nayo miaka mingi, akaenda msikitini, na mara kipaza sauti kikatangaza kuwa kesho Sikukuu, watoto wakaanza kupiga makopo, vigelegele kila dirisha, na nusu ya mtaa ikapanda kwetu kutaka kujionea. Nikawapanga foleni kama mheshimiwa. Kadiri giza lilivyoingia ndivyo mwezi wangu ulivyozidi kung'aa (mwezi mwandamo wa kweli ungekuwa unatua, lakini kichwa changu siku ile hakikuwa na nafasi ya akili).

Ikafika zamu ya Bi Zuhura, jirani yetu, mama mzito wa kuamini mambo. Akaishika darubini ili asiyumbe, ikageuka naye, akachungulia.

"Suleiman!"

"Naam, Bi Zuhura."

"Huu mwezi wenu mbona umo kwenye tangi la maji?"

Nikamwambia ameisogeza, nikamwondoa, nikachungulia mwenyewe. Tangi jeusi, na juu yake mwezi. Nikaigeuza ukutani, mwezi. Nikachomoa waya kwenye betri, mwezi ukatua. Ilikuwa taa yangu, mwanga wake umepenya pembeni ya kioo ukajikunja. Watu wakaangua kicheko, na mmoja nyuma akapiga kelele, "Hebu uwashe tena, sisi wa mwisho hatujauona!"

Nilishuka mbio kandambili moja mguuni. Baba alikuwa safu ya mbele, watu wanampa mikono, uso wake una furaha mpaka nikatamani nirudi. Nikapiga magoti, nikamnong'oneza.

"Baba, si mwezi. Ni taa yangu."

"Una hakika?"

"Nna hakika."

Akaniangalia kidogo, akainuka, akamwomba imamu kipaza sauti.

"Jamaa zangu, nisameheni. Sikuuona mwezi. Macho yangu yamenidanganya. Kesho tunafunga."

Hakutaja darubini wala mimi. Nami niliyekuwa karibu kiasi cha kukichukua kile kipaza sauti mkononi mwake, niliangalia mkeka. Nikajiambia ntasema kesho. Kesho yake sikusema. Waliokuwa juu ya paa walikuwa wameshanicheka vya kutosha, lakini walionicheka hawakuwa msikitini, na waliokuwa msikitini walimsikia mzee wa watu akiyakana macho yake mwenyewe.

Toka siku ile hajapanda tena juu. Mwaka huu alifuturu, akasali, akaingia chumbani kwake, na makopo yalipoanza kulia akaniuliza kupitia mlangoni, "Kauona nani?"

Nimeapa sitounga tena kitu kwa kukisia, na nikikosea ntasema papo hapo kwa mdomo wangu. Na kiapo hicho nilianza kukitimiza wiki iliyopita, nilipokwenda kwa imamu nikamweleza yote, taa, betri, na kule kunyamaza kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tulijua usiku uleule," akasema. "Babako alitukataza tusikuseme."