Programu Inayopiga Hodi

Tekla wa Lipangalala alipopunguzwa kazi ya uchapaji kwenye mradi mmoja wa kilimo, alikataa kuagwa kwa soda na keki. Alitaka kompyuta kuukuu iliyofunikwa shuka kwenye kona ya ofisi, pamoja na vitabu vyake. Wakamcheka, wakampa. Kufikia msimu wa mavuno wa 1996 alikuwa anaandika programu kwa asembli, lugha ya kuiamrisha mashine amri moja moja bila mkalimani, na kinu cha mpunga cha Kibaoni kilikuwa kinapimia magunia kwa programu yake. Mteja mwingine hakuwa naye.

Msimu huo uzito ukaanza kupotea. Mama Konsolata, mkulima wa Lumemo, alileta mzigo wa kilo 612, karatasi ikatoka na 62.

"Hiyo moja ya katikati imeliwa na panya?" akauliza, mikono kiunoni.

"Muulize Tekla," akajibu Fridolin, meneja wa kinu. "Programu ni yake."

Tekla hakubishana. Alivuta stuli, akakaa nyuma ya meneja asubuhi nzima, akaona. Fridolin alikuwa anafungua Windows ili acheze karata, na programu ya mizani anaiweka kwenye dirisha la pembeni la kioo. Windows ikawa inagawa zamu: karata kidogo, mizani kidogo. Mizani nayo haimsubiri mtu. Ikituma tarakimu wakati zamu iko kwa karata, tarakimu imekwenda.

Akaenda nyumbani, akaongeza mistari michache mwanzoni mwa programu. Sasa kabla ya kugusa chochote ilipiga hodi: inaweka namba maalumu kwenye rejista ya prosesa, kijisanduku kilichomo kwenye ubongo wa mashine, inaita, kisha inatazama imerudishiwa nini. Nyumba ikiwa tupu, haipati kitu, inaendelea na kazi. Windows ikiwamo, inajibu kwa namba ya toleo lake. Hapo programu inagoma.

Kesho yake Tekla akaileta kinuni kwenye disketi, na Fridolin akaifungua ndani ya Windows kama alivyozoea. Kioo kikaandika: NIMEKUTA WINDOWS NDANI. SIPIMI. ITOE KWANZA.

"Dada Tekla, programu yako ina kiburi."

"Ina adabu, bosi. Imebisha hodi, ikakuta mtu anacheza karata juu ya mizani."

Nje, waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Fridolin akawa mwekundu wa macho.

"Iondoe hiyo hodi leo hii. La sivyo kazi yako hapa imekwisha."

"Siiondoi."

"Unajua unamwambia nani?"

"Najua. Nifukuze mimi, hiyo ni haki yako. Lakini programu inayokula kilo za watu haitakaa hapa kwa jina langu. Ukitaka isiyopiga hodi, andika ya kwako." Akanyoosha mkono kwenye kompyuta, tayari kuchomoa disketi.

Mama Konsolata akachungulia dirishani. "Meneja, tunapima au tupakie lori twende kinu kingine? Mimi sina shida, dereva yupo."

Fridolin akaitazama foleni, akazitazama karata zake. Akaifunga Windows kwa kubamiza kibodi, akaifungua programu upya. Programu ikapiga hodi, haikujibiwa, ikaanza kazi.

"Msimu ujao natafuta mtu mwingine," akasema bila kugeuka.

"Tafuta, bosi. Gunia la kwanza hilo limeshapanda. Soma kwa sauti."

Akasoma: mia moja na tatu. Mama Konsolata akamwambia hajasikia vizuri, arudie. Akarudia.