Mzee Aliyejivika Kadi Nyekundu

"Mama Stoo, kuna kitu huku yadi hakimo kwenye orodha yako."

Hivyo ndivyo mlinzi alivyoniambia kwenye simu, saa nne asubuhi, chai yangu haijapoa.

"Kitu gani?"



"Njoo mwenyewe. Kinaongea."

Nikajua ni masihara yake. Yule mlinzi anaweza kutania hata msibani. Nikatoka na kalamu sikioni, nimejiandaa kumpa makavu yake.

Nyuma ya stoo yetu ya hospitali kuna yadi. Tunaweka humo vitu vibovu vikisubiri lori la chakavu. Siku hiyo kulikuwa na vitanda vilivyokatika miguu, friji mbili za dawa zilizokufa, na viti vya magurudumu visivyo na magurudumu.

Katikati ya lundo lile, juu ya kiti cha chuma, alikuwa amekaa baba yangu mzazi.

Amevaa suti yake ya kufundishia. Viatu vinang'aa. Mapajani amepakata kopo la biskuti.

Shingoni amening'iniza kadi nyekundu.



Niwaeleze kwanza hizo kadi, msije mkapotea.

Nina stashahada ya ugavi, na stoo hii naisimamia mwaka wa kumi na sita. Kila kifaa nakifunga kadi. Kijani, kizima. Njano, kinahitaji matengenezo. Nyekundu, hakifai, kiondolewe. Nyuma ya kadi nyekundu kuna mistari mitatu: sababu, aliyekagua, na sahihi ya msimamizi.

Bila sahihi yangu, hata sindano iliyopinda haitoki getini.

Tabia ikishazoeleka haina likizo. Kadi zangu nikazipeleka mpaka nyumbani. Jumamosi nikiamua kupanga nyumba, napita chumba kwa chumba nikifunga nyekundu. Redio iliyokufa, nyekundu. Feni bovu, nyekundu. Mimi si mtu wa kufuga takataka.

Baba yangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mitano. Mtaani hadi leo wanamwita Mwalimu. Mama alipofariki nikamchukua, akaja na suti mbili na lile kopo la biskuti.

Kila siku alikaa mezani akiandika vijikadi vyake vyeupe. Maneno ya Kiingereza, maana zake na yalikotoka. Wala si maneno yote. Ni yale yanayohusu manufaa tu: kitu kufaa na kutofaa, kutumika na kutotumika.

Kwa nini hayo? Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na haraka.

"Unajua 'idle' ilianzaje?" ananiuliza, mimi nakata vitunguu. "Zamani ilikuwa na maana ya kitu kitupu. Nyumba tupu, mtungi mtupu. Baadaye ndiyo wakambandika mtu asiye na kazi."

"Baba, hilo neno litaosha vyombo?"

Anacheka. Kesho yake anarudi na lingine.

"'Utensil' na 'abuse' mzizi wao mmoja, wa Kilatini, wa kutumia. Chombo cha kutumia, na kutumia vibaya. Ndugu wa tumbo moja hao!"

"Sogeza ndugu zako, Baba, watu wale."

Ndivyo tulivyoishi. Sikuwa mkatili. Nilikuwa na shughuli.

Sasa, Jumapili moja akabandika birika jikoni, akalisahau. Maji yakakauka, mpini ukayeyuka, nyumba ikajaa moshi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

Nikapandisha sauti.

"Baba! Hivi kuna kitu kimoja tu humu ndani naweza kukuachia usikiharibu?"

Nikachomoa kadi nyekundu mkobani, nikaifunga kwenye birika pale pale mbele yake.

Akaitazama ile kadi ikining'inia.

"Na mimi je? Mimi nina rangi gani?"

"Wewe bado sijakukagua," nikamjibu nikicheka, huku nafungua madirisha.

Yeye hakucheka. Binti yangu, ana miaka kumi na minne, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama..."

"Nini?"

"Basi."

Akaingia chumbani kwake.

Siku tatu baadaye ndiyo nikaitwa yadi.

Wapakiaji walikuwa wamesimama wamevua kofia, hawajui wafanye nini. Dereva wa lori anapiga honi. Mlinzi akaninong'oneza:

"Ameingia na wagonjwa wa nje, nikadhani anakuja kukusalimia. Nimemwomba ateremke, hataki. Anasema anangoja sahihi yako."

Nikamsogelea. 

"Baba, shuka twende nyumbani."

"Hujasaini."

"Ni lile birika? Nisamehe, Baba. Hasira zilinipanda."

"Birika lina kosa gani? Geuza kadi."

Nikaigeuza. Nikakuta mwandiko wa ubaoni ninaoujua tangu utoto, mviringo, hauna haraka.

Sababu: Maneno yanaisha.

Aliyekagua: Mwenyewe.

Mstari wa tatu ulikuwa mtupu.

"Maneno yapi yanaisha?"

Akafungua kopo. Juu kulikuwa na vile vijikadi vyeupe. Chini yake kulikuwa na daftari la shule, ambalo sikuwahi kuliona.

Kumbe kila asubuhi, mimi nikitafuta funguo, baba yangu alikuwa anafanya mtihani. Maneno kumi. Aseme maana, aseme lilikotoka. Pembeni, alama kwa kalamu nyekundu.

Kurasa za mwanzo zilikuwa kumi kwa kumi mfululizo. Kisha tisa. Nane. Ikapanda tena tisa, nikapata pumzi. Kisha sita.

Asubuhi ile ile: mbili.

Kilichonimaliza zaidi ni mwandiko wa zile alama. Haukuwa wake. Ulikuwa wa binti yangu.

"Nilichagua maneno ya manufaa kwa sababu ndiyo niliyoyajua kuliko yote," akasema. "Nilishaanza kupotea njia ya dukani. Nikajiambia, haya yakianza kuniacha, hapo nitakuwa na uhakika."

Akanipa kijikadi kimoja.

"Hili la leo nililitazama kama mtu unayemjua sura, jina ukalisahau. Nisomee."

Neno lilikuwa 'available'. Chini yake ameandika: zamani, chenye nguvu ya kusaidia. Siku hizi, kipo tu.

Akatabasamu.

"Basi mimi ni hiyo ya siku hizi. Nipo tu."

Mlinzi, yule mtu wa masihara, akageukia ukutani akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Kwa nini hukuniambia mimi, Baba? Mimi si mwanao?"

"Wewe una utaratibu wako, mama. Nikaufuata."

Hakusema kwa kisirani, ndiyo maana iliniingia. Miaka kumi na sita nimesaini mamia ya kadi nyekundu. Lori linaunguruma, wapakiaji wanangoja, nazimaliza ishirini kwa dakika mbili. Ni ngapi nilisoma sababu kabla ya kusaini?

Nikachukua kalamu sikioni.

Dereva akaacha kupiga honi. Kwenye ule mstari wa tatu nikaandika neno ambalo sikuwahi kuliandika katika kazi yangu: Imekataliwa. Nikasaini chini yake.

"Haya. Teremka."

Akaisoma ile kadi kwa makini, kama anasahihisha insha.

"Ukikataa unatakiwa utoe sababu. Kifaa hiki bado kinafaa kwa lipi?"

"Sina sababu, Baba. Teremka tu."

 Kisha akaninyooshea mkono, nikamshusha.

Nilimpeleka kwa daktari mchana ule ule, hatukutoka hata nje ya geti. Daktari hakuficha, na mimi sitaficha. Maneno yaliyoondoka hayatarudi. Mengine yatafuata.

Jioni nikamkalisha binti yangu.

"Ulijua muda wote huo?"

"Babu alinikataza nisiseme."

"Hata dalili tu, mwanangu!"

"Nilijaribu, Mama. Siku ya birika. Wewe husimami."

 

Siku hizi asubuhi tunakaa mezani watatu. Vijikadi navisoma mimi, kimoja kimoja, na matamshi yangu mabovu. Alama tumefuta. Kuna siku anacheka kama anasikia lile neno mara ya kwanza, na labda kweli ni mara ya kwanza. Kuna siku anakasirika, anatupa kopo, tunaokota.

Wiki iliyopita aliniangalia muda mrefu, akauliza kwa adabu:

"Samahani, mama. Wewe ni nani hapa?"

Nilitaka kusema mimi ni mwanao. 

"Msimamizi wa stoo," nikasema.

Uso wake ukafunguka kidogo.

"Ah. Wewe ndiye unayesaini?"

"Ndiye mimi."

"Usisaini."

"Sisaini, Baba."

Akarudi kwenye chai yake.

Ndugu yangu unayesoma hapa, humo nyumbani mwako huenda kuna mtu unampita kila asubuhi ukitafuta funguo. Unadhani unamjua ana rangi gani. Leo simama, umgeuze kadi usome upande wa pili. Usingoje mlinzi akupigie simu.