Maji Nyuma ya Kiti cha Nahodha

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na juzi uliponionyesha boti yako mpya pale ufukweni Kihoto, ikanirudia yote pamoja na hasira zake. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Rangi nzuri, viti vya sponji, na ubavuni umeandika jina la mama yako, ADHIAMBO, kwa herufi kubwa mpaka mtu wa ng'ambo ya ziwa alisome. Kisha nikakuuliza chujio la maji ya kunywa utalifunga wapi. Ukanijibu, "Hapa nyuma, babu, kando ya kiti yangu, na kakufuli. Hawa watu ukiwaachia watamaliza maji yote."

Nilinyamaza, kwa sababu mzee akifoka mbele za watu huambiwa anazeeka vibaya. Leo tuko wawili, na sinyamazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Kabla ya hapo baba yangu alikuwa ameletwa Nakuru na kazi ya reli, tukakulia Bondeni. Huko kwetu mtungi wa maji ulikaa mlangoni, kata juu yake. Mpita njia alikunywa kwanza, kisha ndipo akaulizwa habari za atokako. Hakuna aliyeomba ruhusa. Waislamu, Wakristo, wote tulifanya hivyo, na mama aliyeuficha mtungi wake chumbani alisemwa mpaka sokoni.

Nilipopata nguvu za kiume nikaandikwa kazi huku Naivasha, kwenye boti ya injini ya mzungu mmoja wa shamba. Tulivusha vibarua na vitunguu kutoka mashamba ya kusini hadi mjini. Kazi yangu ilikuwa injini na kamba. Nahodha alikuwa Zakayo, mtu wa kwetu kabisa, aliyekuwa baharia kama mimi kabla ya kuvishwa kofia. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Zakayo alisahau kofia ikiwa bado mpya.

Wakati huo watu walichota maji ya ziwa kwa kopo na kunywa, na matumbo yaliwaadhibu. Mwenye boti akaleta chujio: mitungi miwili ya udongo mweupe, mmoja juu ya mwingine, na ndani ya ule wa juu kigae kirefu cha kuchujia, tulichokiita mshumaa, na ule wa chini ulikuwa na bomba dogo. Akasema liwekwe watu wanywe, akaenda zake. Mimi nilidhani litakaa mahali pa wazi, kila mtu alifikie. Zakayo akaniamuru nilifunge nyuma, ndani ya sanduku lililokuwa kando ya kiti chake.

"Lakini hapo ndipo petroli inakaa," nikamwambia.

"Nahodha ni nani? Ni mimi ama ni wewe?"

Nikafunga. Siku hiyohiyo akatia kufuli. Debe la petroli akaliketisha juu ya kifuniko cha mtungi, na faneli aliyojazia tangi ndiyo aliyojazia maji. Sasa sikia ujeuri wake. Ukitaka kunywa, unamwomba. Akikupenda, unapata. Nyapara alipata, wasichana wazuri walipata. Mama aliyetoka kung'oa vitunguu tangu alfajiri aliambiwa, "Ziwa lote hili hulioni?"

Basi mchana mmoja dada yangu Nereah alipanda na binti yake mchanga, anampeleka zahanati ya mjini. Mtoto alikuwa amehara usiku kucha. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, hata kilio kilikuwa kimekwisha sauti. Upepo ulikuwa wa mbele na boti ilikwenda pole. Nereah akamwendea Zakayo, akamwomba kikombe cha maji.

"Hii maji ni ya watu ya boti," Zakayo akasema. "Mgonjwa atachafua kikombe."

Mwanangu, nilipayuka. Nilimtukana yeye na kofia yake. Abiria wote wakageuka, na kwa aibu akafungua sanduku, akamimina nusu kikombe. Mtoto akanywa kwa pupa, kisha akatapika yote, pamoja na kidogo alichobakiwa nacho tumboni. Nereah akanusa kikombe. Kilinuka petroli tupu. Mshumaa wa chujio hushika tope, hushika uchafu wa ziwa, lakini petroli unaipitisha kama mgeni mwenye barua. Yule mtu alikuwa ameyafungia kufuli maji ambayo hata yeye hakupaswa kunywa!

Nikaacha injini, nikamfuata nimekunja ngumi. Hapo ndipo Mama Zaituni aliponishika shati. Huyu alikuwa jirani yetu wa Bondeni, mzee wa asili ya pwani, aliyekuja kununua vitunguu vya kwenda kuuza.

"Ewe kijana, hasira haichoti maji," akasema. "Spana unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi kelele za nini? Ling'oe hilo."

Yeye mwenyewe akatoa chupa yake ya chai ya rangi, akampakata mtoto, akawa anamtilia kwa kifuniko, tone kwa tone, akingoja limezwe kabla ya kuongeza. Mimi nikazima injini. Boti ikayumba kando ya mafunjo. Zakayo akainuka anizuie, lakini wanawake wa vitunguu waliinuka kabla yake, wakaketi chini njiani, magoti kwa magoti. Hakuna aliyemgusa, wala hakuna aliyempisha.

Nikafungua nati, nikamwaga yale maji, nikauliza niliweke wapi. Mama Zaituni akanyoosha kidole kwenye nguzo ya katikati, chini ya turubai, pale kila anayepanda lazima apite. "Hapo ndipo mlangoni," akasema. "Bomba lielekee viti, na liwe chini, mtoto alifikie."

Tulifika mjini mtoto angali anapumua. Zahanati walimlaza, akapona. Zakayo alinishtaki nami nikafukuzwa kazi, na sijuti. Chujio lilioshwa, likaanikwa juani, likabaki kwenye nguzo. Kila Zakayo alipotaka kulirudisha nyuma, wanawake waliketi njiani.

Sasa nakwambia waziwazi, ili usiseme babu alikuzungusha. Chujio lifunge katikati ya boti, ambapo mawimbi hayalitikisi sana, lisimame wima, kivulini, mbali na injini na mafuta. Maji ya kulijazia yasichotwe nyuma kwenye moshi, na chombo cha kuchotea kisijue petroli maisha yake yote. Bomba lielekee abiria. Kikombe kikae juu yake. Na kufuli, mwanangu, kufuli katie kwenye sanduku la spana. Watu wakimaliza maji, jaza mengine, ziwa si liko hapo? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukiona jambo ovu, kasirika, mimi mwenyewe bado nimekasirika. Lakini hasira yako iwe na spana mkononi.

Yule mtoto aliyenyimwa maji ndiye mama yako. Jina lake umeliandika ubavuni, na maji unataka kuyafungia kufuli nyuma, kando ya kiti chako. Hayo mawili hayakai boti moja. Ama utoe kufuli, ama ufute jina.

Mungu akulinde na mawimbi, akupe abiria wengi na heri nyingi, na kati yao wote asitokee hata mmoja wa kukuomba maji. Kila mmoja akute kikombe kinamngoja. Haya, niinue hapa, twende. Beba spana.