Gwaride la Walevi

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya ukumbi wa kanisa moja huko Ntinda. Viti vilipangwa duara, na mjukuu wangu alikaa upande wa pili, ninapoweza kumwona lakini siwezi kumgusa. Ni kikundi cha watoto wa walevi, nisizunguke. Wenyewe wanakiita kwa jina zuri zaidi. Vijana wanakutana kila wiki, wanasema mambo ya nyumbani, wanakunywa chai, wanaondoka. Siku hiyo walialika na familia.

Mlevi wa familia yetu ni mimi. Mjukuu ana miaka kumi na mitano, nimemlea tangu hajaota meno, na sasa amehamia kwa shangazi yake Bugolobi. Siku hiyo alikuwa aseme mbele ya watu kama anarudi kwangu au harudi. Nilikuwa nimenyoa ndevu, nimepiga shati pasi mwenyewe, na tangu asubuhi sikuwa nimegusa kitu.

Mshauri wao ni dada mdogo tu, ana sauti laini kama muuguzi. Akaniita babu kwa Kiganda, "Jajja, karibu. Hapa tuna sheria mbili. Linalosemwa hapa halitoki hapa. Na hakuna kumcheka mtu."

Ile ya kwanza naivunja sasa hivi, utanisamehe. Ile ya pili ndiyo iliyonirudisha kambini. Maana sisi pia tulikuwa na kikundi chetu, rafiki yangu, na sheria yetu ilikuwa kinyume kabisa.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi, hapahapa Kampala. Baba alitoka kaskazini, konstebo, mrefu kama nguzo ya simu. Tulikaa katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo watu waliviita "mama ingia pole", kwa sababu mlango ni mfupi na lazima uiname. Mchana kibanda kilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnaongea kwa mikono. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko, kwanza amri, halafu matusi, maneno mengine yakaja baadaye. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo usitafute koma zangu.

Harufu ya laini yetu, yaani safu yetu ya vibanda, ilikuwa mkaa, sabuni ya kipande na waragi. Pombe hiyo kali ilipikwa na jirani yetu wa kibanda cha tatu, mama mnene mwenye kicheko cha kupasua bati. Mbele aliuza kabalagala. Sisemi ule mtaa wa mabaa wenye jina hilo, ingawa nao naujua, nimeanguka sana kwenye mitaro yake. Nasema vile vitu vitamu vya ndizi ndogo na unga wa muhogo, vinavyokaangwa mpaka ukingo uwe mweusi kidogo. Mbele kabalagala, nyuma mtungi. Watoto walipita mbele, baba zao nyuma.

Sasa gwaride. Kila Jumapili baada ya kanisa, watoto wa laini tulikusanyika nyuma ya vyoo, pale wakubwa hawakupenda kusimama. Kamanda alikuwa binti wa sajenti, msichana mwenye miguu ya chuma na fimbo ya mkwaju. Alipiga kelele, "Laini! Tengeneka!" Halafu mmoja mmoja tulitoka mbele na kutembea kama baba zetu wanavyotembea wakitoka kwa jirani. Ulikuwa na ruhusa ya kuiga wa kwako tu. Ukiiga baba wa mwenzako unapigwa. Ukilia unatolewa wiki mbili. Na wote lazima wacheke. Wale ambao baba zao hawakunywa walisimama pembeni wakitazama, nasi tuliwaonea huruma, maskini, hawana kitu cha kuonyesha.

Aliyeshinda alipewa kabalagala, ya motomoto, bure, na nani? Na yule yule jirani aliyewalewesha baba zetu. Alikuja na sahani, akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Huyu ni baba yake kabisa," alisema. "Mpe mbili."

Sikuwahi kushinda. Baba yangu alilewa kimyakimya, hakuwa na kitu cha kuchekesha. Mpaka Jumapili moja nikatoa yote. Nilionyesha anavyokuja, mguu mmoja unaburuzika, anafika kwenye mlango wetu mfupi, anasahau kuinama, anagonga paji la uso, halafu anaupigia mlango saluti na kuuomba radhi. "Samahani, afande." Laini nzima ililala chini kwa kicheko. Nami nikasikia kicheko kingine, kizito, nyuma yangu.

Alikuwa mkubwa wa kambi. Alikuja kukagua vyoo.

Wengine wakakimbia. Mimi nilikuwa bado nimeshika saluti mbele ya mlango wa hewa. Akasema, "Hii toto ya nani?"

Sasa wewe hukulelewa kambini, huwezi kuelewa. Sisi tulifundishwa kabla ya kufundishwa sala: afande akiuliza, kanyaga chini, kifua mbele, jibu lote kwa sauti. Nikakanyaga. Nikataja namba ya baba, cheo chake, kibanda chake. Mkubwa alikuwa bado anacheka.

"Anatembea hivi lini?"

"Kila akitoka zamu ya geti, afande!"

"Zamu ya geti? Na bunduki?"

"Na bunduki, afande!"

Kicheko kikaisha. Jirani akainuka kwenye ndoo polepole, akanipa kabalagala mbili mkononi, hakunitazama. Nilizila zote. Zilikuwa tamu, sitakudanganya.

Wiki hiyo haikuisha, baba akavuliwa sare. Na kazi ikienda kibanda kinakwenda, hiyo kila mtu wa kambi anajua. Jioni ile alikuja nyumbani hajalewa. Aliinama vizuri mlangoni, akakaa kitandani, akavua buti za serikali akaziweka sambamba. Halafu akasema, "Nionyeshe."

"Nini, baba?"

"Ile uliyomwonyesha mukubwa."

Nikamwonyesha. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Baba alitazama mpaka mwisho, mpaka saluti. Nilingoja kofi. Akasema, "Umekosea mguu. Wewe unaburuza wa kushoto. Mimi naburuza wa kulia. Rudia."

Nikarudia. "Bado. Rudia." Nilirudia mpaka jua likaondoka kwenye bati, mpaka mguu wa kulia ukaburuzika bila kuuambia. Ndipo akasema, "Sasa ni sawa. Tuliza mguu." Mama akanisogezea sahani, akaniuliza, "Utakula, ama bado umeshiba zile kabalagala?"

Asubuhi tuliondoka, godoro na sufuria kwenye mkokoteni. Watoto wa laini walijipanga njiani kutuaga na gwaride, kamanda na fimbo yake mbele. Lakini baba alipita hajalewa, amenyooka, kichwa juu, hatua moja baada ya nyingine. Wakamtazama midomo wazi. Hakuna aliyejua kuiga mwendo ule.

Haya, nimekuacha Ntinda muda mrefu.

Dada mshauri akamwambia mjukuu, "Zamu yako. Unataka kumwambia jajja nini?" Mjukuu akasimama. Akaenda katikati ya duara, akaanza kutembea. Mkono unapapasa ukuta ambao haupo. Funguo zinaanguka, anainama, anazikosa, anaziambia, "Njooni basi." Na mguu wa kulia, rafiki yangu, ulikuwa unaburuzika. Sikumfundisha mimi. Halafu akageuka, akawa yeye mwenyewe kitandani, akafunika kichwa kwa mikono miwili, akangoja.

Sikujua kwamba huwa anafanya hivyo nikifungua mlango.

Hakuna aliyecheka. Nilitafuta kosa miguuni mwake. Hakukosea hata hatua moja.

"Unarudi nyumbani?" dada akamuuliza.

"Hapana, jajja," akanijibu mimi.

Kambi yetu sasa haipo. Bati ziling'olewa, wamejenga maghorofa. Jirani na mtungi wake walishazikwa, kamanda wetu sijui alikufa au yuko wapi. Kile kicheko nacho kimekwisha, na naona aibu kukwambia kwamba nilikitamani pale kwenye kiti cha plastiki. Laiti angecheka hata mmoja tu.

Nikainuka kuondoka. Sijalewa, mchana kweupe, vijana wote wanatazama miguu yangu. Nikataka nipite mbele ya mjukuu kwa ule mwendo wa baba wa asubuhi ya mkokoteni. Mguu wa kulia ukakataa. Ule mwendo baba hakunifundisha.