Twiga Aliyechechemea

Leo, nikipita Kariakoo, harufu ya mihogo ya kukaanga imenirudisha kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, tulikotazama video tukitafuna mihogo utotoni, siku ya katuni ya twiga mdogo aliyechechemea, akafukuzwa kundini. Nilimpenda. Mwenye kibanda, akitafsiri kwa kipaza sauti, akampachika jina nililoitwa mimi kwa sababu ya mguu wangu: "Mcheki Kiwete wetu huyo!"

Watazamaji wakaangua kicheko, wakinitazama. Lakini twiga alipomkaribia mama yake, walewale wakaanza kulia.

Nikachomoa waya wa umeme.

"Dogo, rudisha bwana!"

"Nililieni mimi kwanza."

Wakanibembeleza, kwa mara ya kwanza wakiniita jina langu. Sikuuchomeka, ingawa nami nilitamani kumwona akikumbatiwa.