Mfuko wa Mama Mshono

Mtaani walimwita Mama Mshono, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, hajarudishiwa nguo iliyofumuka, na usipomuuliza atakuambia mwenyewe.

Tangu kitinda mimba wake apatwe na kifafa, hakutulia tena. Mguu ukikanyaga cherehani, jicho liko kwa binti. Nesi alimpa bomba dogo la dawa ya kutuliza, akamfundisha: mlaze ubavu, tazama saa, usimtie chochote kati ya meno, zikitimia dakika tano hajaacha kutetemeka, mmiminie dawa taratibu ndani ya shavu. Binti alipopata kazi duka la vitabu, mama alimshonea mfuko ndani ya sketi, akatia dawa humo. Kwa kuogopa isidondoke, akaufunga mdomo wa mfuko kwa mshono wa kurudia mara mbili. Binti akamtania kwamba hata mwizi angekata tamaa.

Jumatatu asubuhi, akijiandaa kwenda kazini, binti akaanguka katikati ya vipande vya kitambaa. Mama akamgeuza ubavu, akamwekea gauni la mteja chini ya kichwa, akapaza sauti jirani aite gari la wagonjwa. Akatazama saa. Dakika ya tatu akaanza kuhangaika na mfuko. Mikasi yote ilikuwa kwa mnoaji, wembe haukuonekana, na uzi aliojivunia ukazishinda kucha zake. Akailaani mikono yake mwenyewe. Ya tano ikapita, ya sita nayo, midomo ya mwanawe ikibadilika rangi. Akainama, akautafuna mshono kama panya mpaka ukaachia. Akamimina dawa kidogo kidogo, ingawa mkono ulitaka kuimwaga yote kwa mara moja.

Mtetemeko ukapungua, ukaisha. Mama akabaki kiganja kifuani pa binti, akihesabu pumzi hadi gari lilipofika.

Jioni, wakiwa wamerudi nyumbani kutoka hospitali, ulimi ukiwa bado mzito, binti aliushika ule mfuko uliochanika.

“Mama, dawa uliishonea isipotee. Kidogo nipotee mimi.”

 Mama aliona haya, akalia. Kisha akashona mfuko mwingine wenye kifungo kimoja, akafumba macho, akajaribu kukifungua. Akakifunga, akakifungua tena, mpaka binti akasinzia.

Alhamisi binti alirudi kazini na bomba jipya. Mama aliketi mbele ya cherehani iliyonyamaza, vidole vikifungua hewani kifungo kilichoondoka na mwanawe.